Muulize Mwalimu: Hiyo “sorry” ni pole au ni samahani?

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba neno “sorry” limegombanisha watu wengi kuliko matusi. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yaliyonifikia ni kikapu kizima, basi safari hii tuna neno hilo moja tu. Miwani ninayo, chai ya tangawizi ninayo. Tuanze.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Muheza, nina mwaka wa pili hapa Leicester, nawahudumia wazee majumbani. Kuna babu mmoja, kila nikimwambia kitu ananijibu “sorry”. Chai tayari: “sorry”. Twende tukaoge: “sorry”. Mimi namwambia asijali, yameisha. Juzi akanifokea. Tena mwenzangu kazini alijikwaa kwenye zulia, nikamwambia “sorry”, akanishangaa: kwani wewe umefanya nini? Nakosea wapi? — Mhudumu, Leicester

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kuchungulia kama bibi yuko salama.

Babu huyo hakuombi msamaha. Hasikii! “Sorry” ambayo sauti yake inapanda mwishoni ni ile “abee?” ya kwetu, au “naam?” kwa wanaume: umesemaje, hebu rudia. Yeye anauliza umesema nini kuhusu chai, wewe unamsamehe. Ningekuwa mimi ningefoka mapema zaidi. Sikiliza mkia wa sauti. Ikipanda, rudia ulichosema, polepole na karibu na sikio. Ikishuka, hapo ndipo kuna radhi inaombwa. Na ipo ya tatu, inayotamkwa taratibu kwa macho makavu, “I’m sorry?”, mtu akiwa amekusikia vizuri sana na hajapenda alichosikia. Ukiipata hiyo, weka sinia chini uondoke.

Kuna watakaokushauri useme “pardon” kwa kuwa ni ya adabu. Uingereza hapo kuna mtego. Mwaka 1954 mwanaisimu mmoja, Alan Ross, aliandika makala kuhusu maneno yanayowatenganisha mabwanyenye na wanaowaiga. “Pardon” ikaangukia upande wa waigaji, bwanyenye mwenyewe asiposikia husema “what?” kavukavu, ambayo mimi ningemchapa mtoto kwa kuisema. “Sorry?” inapita nyumba zote. Baki nayo.

Hilo la mwenzako aliyejikwaa linanikumbusha mwaka 1994, nilipokuwa mwalimu mbichi katika sekondari moja huko Lushoto. Tulikuwa na kijana wa kujitolea kutoka Uingereza, mrefu kama mnazi. Masika ya Usambara mnayajua: ngazi za udongo mwekundu kati ya ofisi ya walimu na Kidato cha Pili zilikuwa kama zimepakwa sabuni. Asubuhi hiyo kabeba madaftari ya darasa zima, kufika ngazi ya tatu, pwaa! Akakaa chini kwa makalio, madaftari yakaogelea matopeni. Wanafunzi waliokuwa madirishani wakasema kwa sauti moja, kama kwaya: “Sorry, sir!”

Akainuka taratibu. Suruali ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni kwenda chini. Akauliza: nani kafanya? Kimya. Akauliza tena. Watoto wanatazamana. Kwa hesabu yake, wote wameomba radhi, kwa hiyo wote wana kosa; labda wamemwaga maji kwenye ngazi. Darasa likasimamishwa, nikaitwa mimi kusuluhisha. Nikamweleza kwamba watoto wanampa pole tu, hakuna aliyefanya lolote. Akaniuliza, na hakuwa akitania: “Sasa kama hawajafanya lolote, wanajutia nini?”

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo. Kwetu, kuumia kwa mwenzio kunatosha kukufungua mdomo. Umebeba mzigo, pole. Umetoka safari, pole. Umefanya kazi, pole na kazi, ingawa kazi ni yako na mshahara ni wako. Mwingereza naye ana “sorry” ya huruma, msije mkadhani ni watu wa mawe, lakini anaianzia kwenye mazito: msiba, ugonjwa, mtu kufukuzwa kazi. Kwenye madogo kama kujikwaa, “sorry” yake ni ya mkosaji. Ukiisema wewe uliyesimama mbali, anatafuta ulikosea wapi. Kwa hiyo mtu akijikwaa kwenye zulia, muulize tu “Are you all right?” Akifiwa, mwambie “I’m so sorry”, na hapo hakuna atakayekuuliza umefanya nini. Ama “pole na kazi”, usiitafute kwao. Haipo.

Yule kijana wa Lushoto alipoelewa, alilipenda neno “pole” kupita kiasi. Mpaka anaondoka alikuwa anaipa pole baiskeli yake ikipata pancha.

Mwalimu, nilimwandikia binti mmoja ujumbe mrefu baada ya yeye kuniacha. Akajibu kwa Kiingereza: “I feel sorry for you.” Rafiki zangu wanasema ameomba msamaha, nirudi. Nirudi? — Kijana, Morogoro

Usirudi.

Hajakuomba msamaha. Amekuonea huruma, tena ile anayoonewa kuku aliyenyeshewa. Neno dogo linalofuata “sorry” ndilo linaloamua kila kitu. “Sorry about” kitu, au “sorry for” jambo alilotenda msemaji, hiyo ni radhi. “Sorry to hear” jambo, hiyo ni pole. Lakini “feel sorry for” mtu, mtu mzima na akili zake, humweka msemaji juu ya ukuta na mwenzake chini kwenye matope. Na hao rafiki zako wakuombe radhi wao.

Mwalimu, mimi ni mpokea wageni kwenye hoteli huku Nungwi. Maji yalikatika, nikawaambia wageni “sorry, sorry sana”, mmoja akaniambia “sorry” haitoshi. Meneja naye akanigombeza kwamba neno hilo ni kukiri kosa na mgeni atadai kurudishiwa pesa. Nisemeje? — Mapokezi, Nungwi

Pole na kazi, mwanangu. Umepigwa pande zote mbili.

Nianze na meneja. Hofu yake haikuanzia Nungwi. Katika nchi za wenzetu wanakopelekana mahakamani kwa urahisi, watu walifika mahali pa kuogopa kutamka “sorry” baada ya ajali, isije ikawa ushahidi. Hofu ilizidi hadi ikatungiwa sheria. Uingereza ina sheria ya mwaka 2006 inayosema kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Jimbo la Ontario huko Kanada likatunga sheria yake ya kuomba radhi mwaka 2009, kwa shabaha hiyohiyo: mtu aweze kusema neno la kiungwana bila wakili wake kuzimia. Mwambie meneja kwamba mgeni aliyekosa maji ya kuoga na akakosa na neno ndiye anayedai pesa kwanza.

Lakini mgeni naye ana hoja. “Sorry” uliyompa ilikuwa kanga isiyo na jina: kitambaa kipo, ujumbe haupo. Ukiirudia mara mbili ukaongeza “sana”, kwa sikio lake umerudia utupu mara mbili. Anataka kujua vitu vitatu: unajua shida yake ni ipi, imetokana na nini, na itakwisha lini. Mwambie hivi: “I’m sorry about the water. The pump has broken down. The technician is here now, and the water will be back by four.” Halafu umpelekee ndoo mbili bila kuombwa. Angalia saa hiyo: saa kumi yetu ndiyo “four” yao. Nimewahi kumwona mpokea wageni akimwahidi mtu maji ya saa kumi jioni kwa neno “ten”. Mgeni akakaa na povu la sabuni kichwani akihesabu mpaka saa nne ya usiku.

Mwalimu, mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme wa Uingereza alikuwa Nairobi, na siku moja baadaye Rais wa Ujerumani alikuwa hapa kwetu Songea. Magazeti yakaandika kwamba huyu ameomba msamaha, yule hakuomba, wakati wote wawili walionekana wana huzuni. Tofauti ilikuwa nini? — Msomaji wa siku nyingi, Songea

Tofauti ilikuwa kwenye kitenzi, na wewe uliikaribia kuliko wengi wetu.

Tarehe 31 Oktoba, kwenye dhifa ya Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles aliongelea ukatili waliotendewa Wakenya wakipigania uhuru. Alisema hauna kisingizio, na kwamba maovu ya zamani yanaleta huzuni kubwa kabisa na majuto ya ndani kabisa. Maneno aliyotumia ni “sorrow” na “regret”. Yapime kwa Kiswahili: “nasikitika”, “naumia moyoni”. Mazito, sikatai. Ila anayesikitika anaweza kuwa jirani tu. Hakuna mahali aliposema “tumekosa, tusameheni”. Tarehe 1 Novemba, kwenye Makumbusho ya Majimaji, Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zenu, na alionana na uzao wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Aliyeomba msamaha ameweka kitu mikononi mwako: unaweza kumpa au kumnyima. Aliyesikitika hajakuachia la kuamua.

Na hilo la Nairobi halikuwa la bahati mbaya. Miaka kumi nyuma, tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague alisimama bungeni London akasema serikali yake inajutia kwa dhati mateso ya wakati wa Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika hotuba hiyohiyo akasema bado wanakana kwamba serikali ya leo inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Pesa zimetoka, masikitiko yametoka, kosa limebaki bila mwenyewe. Ukimwona mtu msomi anaizunguka “sorry” kama anazunguka shimo la choo, ujue ameliona shimo.

Waaustralia waligombana juu ya neno hili hasa, lenyewe. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imewachukua watoto wa wenyeji asilia kutoka kwa wazazi wao. Mwaka 1999 waziri mkuu John Howard alikubali kutaja “regret”, akagoma kusema “sorry”. Mwezi Mei 2000 umati mkubwa uliandamana juu ya daraja la bandari ya Sydney, na ndege ikaliandika neno hilo kwa moshi angani: SORRY. Lilikuja kusemwa bungeni na waziri mkuu mwingine, Kevin Rudd, tarehe 13 Februari 2008. Neno moja, miaka yote hiyo! Kinachonigusa zaidi ni kwamba wenyeji hao, katika Kiingereza chao, shughuli za msiba wanaziita “sorry business”. Yaani matanga. Kwao, kama kwetu, “sorry” ilikuwa ya wafiwa kwanza.

Na kwa kuwa umeuliza kama mpenda lugha, nikupe kamoja ka pembeni. “Sorry” na “sorrow” wanafanana kama mapacha, lakini hawakuzaliwa nyumba moja. “Sorrow” ilitoka kwenye “sorg” ya Kiingereza cha kale, huzuni. “Sorry” ilitoka kwenye “sarig”, na mzizi wake ni “sar”, kidonda, maumivu, iliyozaa pia “sore” ya leo. Anayesema “I’m sorry”, kwa asili anasema: ninauma. Wajerumani nao walichukua neno la ukoo huohuo, likachakaa mpaka likawa “sehr”, yaani “sana” tu.

Madam, kwenye mtihani niliandika “The house is sorry” nikimaanisha nyumba imechakaa. Nikakosa. Kitabu kinasema “a sorry house”. — Kidato cha Tatu, Singida

“Sorry” ikitangulia nomino maana yake ni duni, ya kusikitisha: “a sorry sight”, “in a sorry state”. Ikija baada ya “is”, ina hisia za mtu. Nyumba uliyoiandika wewe inajutia matendo yake. Mimi ningekupa nusu maksi kwa kunichekesha, ila sisahihishi tena.

Assalamu alaikum, bi mkubwa. Vijana wa siku hizi wameiua samahani. Ni “sori” tu. Kitukuu changu kavunja gilasi: “sori”. Utandawazi huu utatufikisha wapi? — Mzee, Mombasa

Wa alaikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Kabla hatujaizika samahani, tukumbuke kwamba nayo ilishuka na majahazi. Samahani ni ya Kiarabu, radhi ni ya Kiarabu, kunradhi vilevile: kwa asili ni “kuwa radhi”, usiwe na hasira. Wazee wa wazee wetu wa Pwani pengine walilalamika hivihivi.

“Sori” ya Kiswahili, niliyoichunguza kwa miaka mingi nikiwa nimesimama kwenye daladala, haijachukua kiti cha samahani. Imekaa kwenye ndoo mlangoni. Mtu akikukanyaga kidole, “sori anti”. Akitaka kupita, “sori”. Akikugongea gari, ghafla utasikia “samahani sana mama yangu”. Akimkosea mzazi, hapo hata samahani haifiki, ni “nisamehe”, ni “niwie radhi”, na magoti chini. Kijana anajua vizuri sana kosa lake lina uzito gani. Neno analochagua ndilo linalokuonyesha. Kwa hiyo kwa gilasi mimi ningemdai samahani kamili, na afagie vipande.

Pole yetu haina wasiwasi, haijapata mpinzani. Ni ndugu wa mpole na polepole, na nikupe la kushangaza: Wayoruba wa Naijeria, aliyeumia humwambia “pele”, na kufanya jambo taratibu ni “pelepele”. Sidai udugu, nafurahia sura tu. Na Mnaijeria naye, akikuona umejikwaa akiwa upande wa pili wa barabara, atakupigia kelele “Sorry!” bila kosa lolote. Angekuwepo Lushoto siku ile, tungekuwa wawili wa kueleza.

Mwalimu, huwa naitwa kutafsiri pale hospitali wanapokuja madaktari wageni. Si kazi yangu rasmi, ni kwa kuwa najua Kiingereza. Daktari akimwambia mgonjwa “I’m sorry”, niseme samahani au pole? — Mjitoleaji, Tanga

Swali lako nimelisoma mara nyingi kuliko yote.

Kwanza niseme kwamba hata mataifa hupita hapo. Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina alipotea, na Wamarekani 24 wakashikiliwa. China ilitaka kuombwa radhi, Marekani haikutaka kukiri kosa. Barua ya balozi wa Marekani ikasema “very sorry” mara mbili. Marekani wakaeleza kuwa ni pole kwa kifo cha rubani na kwa ndege yao kutua bila ruhusa. Wachina wakaitangaza kwa maneno yaliyo karibu zaidi na radhi. Kila mmoja akasoma alichohitaji, na watu wakarudi kwao. Wanasiasa waliponea kwenye ukungu wa neno hilo. Mgonjwa haponei.

Mimi nilimpeleka shangazi yangu kupimwa. Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu mfungo. Daktari alikuwa mgeni, mkalimani aliyepangwa hakuja, nikasema mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nitatafsiri. Alimpaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kile kifaa cha altrasaundi, akakirudisha palepale mara tatu. Akaweka kifaa chini, akafuta mikono, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya shangazi. Akasema, “I’m sorry.” Akanyamaza.

Nami, kwa haraka ya kujua, nikasema: “Daktari anasema samahani.”

Shangazi akatabasamu. Akamgusa mkono. “Mwambie nimeshamsamehe. Hata mashine hukosea. Aniandikie tu nije lini wapime tena.”

Daktari akaniangalia mimi, akisubiri nimwambie mama amejibu nini.

Basi sema “pole”. Sema “Daktari anakupa pole, mama”, kisha nyamaza kadiri yeye alivyonyamaza, usikijaze kimya chake kwa maneno yako. Angalia mwili wake kabla ya kamusi: daktari aliyekosea hurudi kwenye mashine, daktari anayetoa pole husogeza kiti. Na kama bado una shaka, muulize yeye kwanza, kwa Kiingereza, anamaanisha nini. Dakika moja ya aibu ni yako, si ya mgonjwa. Mimi sikuuliza, na siku ile sikuweza kumrekebishia palepale. Nilimwambia ukweli stendi, tumekaa kwenye benchi tukisubiri basi la Korogwe, ile karatasi ameikunja mara nne ndani ya pindo la kanga.